Kanda ya Betri Zilizochoka

Juzi mmoja wenu mnaokuja kwangu Jumamosi kujifunza muziki, simtaji, mwenyewe anajijua, aliniuliza: "Babu Deo, ninyi zamani mliijuaje rege na intaneti haikuwepo?" Aliuliza kwa huruma, kama mtu anayemuuliza mfungwa kule gerezani walikuwa wanakula nini. Nikamjibu kwamba tulikuwa na masikio. Mkacheka wote. Lakini njia nzima ya kurudi Kitendaguro nilikuwa nalitafuna lile swali, nikaona nimelijibu kwa kiburi tu. Jibu la kweli ni refu na lina aibu ndani yake, na ninyi nikianza jambo refu mnashika simu. Basi naliandika. Someni polepole. Mwenye haraka aende akakaange senene.

Nilipiga dramu miaka ishirini na ushee kwenye bendi ya kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Bukoba. Msishangae kiwanda kuwa na bendi. Enzi za ujamaa chombo cha umma kilichojiheshimu kilikuwa na timu ya mpira na bendi ya dansi, na ukikosa vyote viwili meneja alionekana hafanyi kazi. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mpakiaji wa magunia. Asubuhi nabeba gunia, alasiri nashika fimbo za dramu. Huu mgongo wangu uliopinda mnaouita uzee si uzee, ni magunia ya robusta.

Kiongozi wetu alikuwa Ta Zakaria. "Ta" ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita mwanamume tunayemheshimu, na huyu tulimheshimu mpaka tulikuwa tunamwogopa. Alikuwa fundi wa mashine za kukobolea, Mlutheri wa kweli kweli, aliyejifunza muziki kwenye tarumbeta za kanisani kisha akahamia gitaa la besi. Mfupi, maneno machache, na mdomoni hakosi akamwani. Ninyi watoto wa soda huenda hamjui: ni zile punje za kahawa zinazochemshwa na majani ya kienyeji zikakaushwa, ambazo mgeni akiingia kwako unampa atafune hata kabla hujamuuliza habari za alikotoka. Ta Zakaria mfuko wa shati ulikuwa umejaa hizo punje, na mtaona kwa nini nazitaja.

Mwimbaji wetu aliitwa Koku, binti wa mtaa wa Nshambya, aliyelelewa na kwaya ya Kikatoliki. Sauti yake ilikuwa inapaa juu hata njiwa wa kanisani wanahama.

Sasa ngoja niwape ufundi kidogo kabla sijasahau, maana ndiyo kazi yangu. Nyakati zile vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha, daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, dukani hakuna sabuni, sembuse nyuzi za gitaa. Uzi wa besi ukichoka huutupi. Unaufungua, unauchemsha kwenye sufuria kama unachemsha mayai, unaukausha juani, unaurudisha. Utalia kama mpya wiki mbili. Ngozi za plastiki za dramu zangu zilikuwa zimepasuka zamani, tukawamba ngozi za ndama, kazi ya fundi wa ngoma wa kijijini. Ngozi ya ndama ina tabia ya mama mkwe: mvua ikinyesha inalegea na haitaki kusema. Na Bukoba mvua inanyesha kila ikijisikia. Dawa yake ni moto wa majani makavu ya mgomba. Unawasha kidogo, unaizungusha dramu mbali na moto, huku unaigonga kwa kidole mpaka ikubali. Ukikaribia sana unakula ngozi ya kuchoma. Mimi nimeunguza mbili, na Ta Zakaria alininyima salamu mwezi mzima.

Tulikuwa tunapiga nini? Rumba ya Kongo. Nyimbo zote za Kongo, maneno tu tunabadilisha, tunamsifu mkulima bora na tunamsema mlevi. Tulikuwa hodari, nawaambia bila haya. Mpaka siku moja afisa utamaduni wa mkoa akaja kutusikiliza. Alikaa mbele kabisa, mguu hautikisiki, daftari magotini. Tulipomaliza akasimama, akasema, "Vijana, ninyi ni kanda ya Kongo iliyoota miguu." Akaondoka. Hata soda hakumaliza.

Baada ya siku chache meneja akatuita akatusomea barua. Miezi miwili mbele kule Muleba kungefunguliwa ghala la kahawa la kijiji cha ujamaa, wakubwa wangekuwepo, na bendi yetu ingepiga mbele yao. Wakiona tuna muziki wetu wenyewe, vizuri. Wakiona bado tunaiga, vyombo vyote vinachukuliwa, vinapelekwa Mwanza kwa bendi itakayovitumia vizuri zaidi, na bendi yetu inavunjwa siku hiyo hiyo. Meneja alikunja ile barua akaacha kututazama usoni. Kwangu maana yake ilikuwa moja: gunia asubuhi, gunia mchana, gunia jioni, mpaka nistaafu. Koku angerudi kibanjani kwa baba yake kupalilia migomba. Na Ta Zakaria, aliyeijenga ile bendi tangu haina hata maikrofoni, angebaki na kelele za mashine tu. Niliogopa jamani. Sijawahi kuogopa hivyo hata wakati wa vita.

Tukasubiri Ta Zakaria aseme tutafanyaje. Wiki nzima hakusema kitu. Wiki ya pili akaja mazoezini na kanda.

Hiyo kanda aliileta Gosbert, kaka yake Koku, aliyekuwa mpishi kwenye meli ya Mwanza. Alikuwa ameipata kwa baharia mwenzake, imenakiliwa kutoka kwenye kanda nyingine, haina jina la mtu wala la wimbo, ubavuni imeandikwa kwa kalamu "Jamaika" basi. Gosbert alikuwa amempa Ta Zakaria mkononi, meli ilipotia nanga.

Mimi nikasimama, kwa ujinga wa ujana, nikasema, "Ta, waitu, mzee wetu, tumeambiwa tusiige. Tumefukuzwa Kongo, sasa unatupeleka Jamaika?"

"Kaa," akasema. "Sikiliza kwanza."

Redio kaseti ya bendi ilikuwa inatumia betri, kwa sababu waya wake wa umeme uliliwa na panya na wa kununua hakuna. Na betri zenyewe! Mnajua tulivyokuwa tunafanya? Betri ikichoka unaianika kwenye bati mchana kutwa. Ikichoka tena unaing'ata kwa meno, unaibonyeza ubavuni. Ikikataa kabisa unaiweka karibu na jiko usiku kucha. Kila nyumba ya Bukoba ukitazama paani uliona betri zimepangwa kama vitumbua.

Basi akabonyeza. Mama yangu! Ule muziki ulitoka mzito, mzito, kama ng'ombe anayeinuka kutoka matopeni. Besi ilitembea chini kabisa kwenye tumbo. Gitaa lilijibu, chaka, likanyamaza, chaka, likanyamaza. Na mwimbaji alikuwa na sauti ya mzee mnene aliyeshiba, anayesimulia jambo la huzuni bila haraka yoyote. Hatukuelewa neno hata moja. Koku akasema, "Huyu ni babu wa mtu." Toka siku hiyo tukamwita Babu. Tukiingia mazoezini, "Hebu mweke Babu." Tukikosea, "Babu angecheka."

Kumfuata Babu haikuwa rahisi. Ilibidi magitaa yote tuyalegeze nyuzi ili tufike chini alipo yeye, na Koku wetu wa kupaa ikabidi aimbie kifuani. Alilia. Alisema anajisikia kama amekalia sauti yake mwenyewe. Ta Zakaria akamwambia, "Imba kama unambembeleza mtoto alale, si kama unamwita padri." Akajaribu, na ikatoka. Nilikuwa sijajua kama ana sauti ile, na nadhani hata yeye hakujua.

Mimi ndiye niliyeteseka kuliko wote. Tangu naanza kupiga nilikuwa nimezoea kuweka mguu kwenye moja. Moja, mbili, tatu, nne, na ile moja unaipiga dramu kubwa ya mguuni, du, watu wajue wako wapi. Rege haifanyi hivyo. Moja inaachwa tupu. Uzito unakuja kwenye tatu. Mnaokuja Jumamosi mnalijua hili, mnalibonyeza kwenye kompyuta linajipiga lenyewe. Mimi mguu wangu ulikataa kama punda darajani. Kila nikipiga moja, Ta Zakaria, bila kuacha kupiga besi, alikuwa anachomoa punje ya akamwani mfukoni na kunitupia. Puani, sikioni, kwenye paji. Jioni Koku akifagia anasema leo tumevuna vizuri.

Siku moja nikachoka, nikatupa fimbo. "Ta, nikiiacha moja tupu nahisi nitaanguka!"

Akaja akakaa kwenye gunia karibu yangu. Akanipa punje moja nitafune, heshima ambayo hakuwahi kunipa. Akasema, "Deo, kwenu akiingia mgeni, kiti cha kwanza anakaa nani?"

"Mgeni."

"Moja ni kiti cha mgeni. Wewe unakikalia. Sasa anayecheza akaketi wapi?"

Kesho yake mguu ulitulia. Miaka yote niliyofundisha dramu sijapata maneno mengine ya kusema hayo, na nimejaribu mengi.

Na Babu alizidi kuwa mzito. Wiki ya kwanza alikuwa mzee, wiki ya tatu alikuwa anaimba kutoka kaburini. Siku moja Ta Zakaria aliinua mkono, akasema, "Hapo. Hapo panatosha." Akazima redio, akaitoa ile kanda, akasema tusiisikilize tena, tupige tulichonacho. Tukatunga wetu kwa mwendo huo, wimbo wa mama anayechuma kahawa. Maneno aliyatunga Koku: "Kahawa imeiva, mama yuko shambani, mtoto yuko mgongoni, njia bado ndefu." Haukuwa na zaidi ya hapo, na hatukuhitaji zaidi.

Hapa nipumue kidogo, niwajibu wale wanaonibishia kila mara kwamba muziki wa Jamaika umefika kwetu juzi na dancehall ya kwenye simu. Kile kisiwa ni kidogo kuliko mkoa wetu huu, nimepima kwa macho kwenye ramani ya mjukuu wangu. Lakini tazameni kilivyotembea. Kimekwenda Uingereza, kimekwenda Afrika Magharibi na Kusini, kimefika mpaka kwa Wajapani. Ule mtindo wa kuongea juu ya muziki mnaouita wa Marekani, waliowafundisha Wamarekani kuweka spika barabarani na kuongea juu yake walikuwa na Wajamaika ndani yao. Nyimbo za Kihispania mnazozikatia viuno kwenye harusi, ondoeni maneno, sikilizeni pigo la chini. Ni Jamaika. Na hizi zenu za Dar es Salaam pia, nusu yake ni dancehall iliyovaa kanga.

Na Wajamaika wenyewe waliipata wapi rege? Nimesikia wanasema, nami sikuwepo, kwamba zamani walikuwa wanasikiliza redio za Marekani kutoka ng'ambo ya bahari, na mawimbi yanakuja yanakatika, yanakuja yanakatika. Wakaiga walichosikia, na mikatiko yake. Kama ni kweli au uongo sijui. Lakini niliposikia hadithi hiyo nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama naumwa, na nikimaliza kuwasimulia ya Muleba mtajua nilicheka nini.

Siku yenyewe tulipanda lori la kiwanda, vyombo vimefunikwa turubai, jenereta nyuma. Mvua ilitupiga njia nzima. Tulipofika Muleba jua likatoka, ziwa linang'aa, kisiwa cha Bumbire unakiona pale mbele utadhani unaweza kukigusa, na watu wamejaa: wakulima, wavuvi, watoto wa shule na bendera, akina mama waliotoka kanisani na vitenge vyao. Meza ya wakubwa ina kitambaa cheupe. Yule afisa utamaduni alikuwepo, na daftari lake lilelile.

Ngozi zangu zilikuwa zimelegea kama chapati. Ta Zakaria akazichukua yeye mwenyewe, akaenda nyuma ya ghala kuwasha majani ya mgomba. Mimi na Koku tukabaki tunapanga spika. Ndipo Gosbert akatokea, amevaa shati jeupe la melini, ana furaha kama bwana harusi.

"Nimekuja kusikia kanda yangu!" akasema. "Na nimewaletea zawadi." Akatoa betri mpya, bado zimefungwa kwenye karatasi. Kabla hatujasema kitu ameshafungua redio yetu, iliyokuja na vyombo pamoja na kanda yake, ametia, ameweka kanda, amebonyeza.

Vijana, sijui niwaeleze vipi. Iliruka. Besi ilikuwa inaruka, gitaa linacheka, na Babu, Babu wetu mnene mwenye huzuni, alikuwa kijana! Kijana mwenye sauti nyororo, angeweza kusimama kwenye kwaya karibu na Koku. Wimbo wote ulikuwa juu zaidi, mwepesi zaidi, wa furaha. Haukuwa msiba, ulikuwa harusi.

"Kaka," Koku akasema, "redio imeharibika?"

"Wapi! Ndivyo ulivyo. Ndivyo nilivyousikia siku zote."

Tukatazamana. Betri ikichoka kanda inazunguka polepole na sauti inazama; wiki zote zile tulikuwa tumejifunza kufa kwa betri. Mawe, mama yangu! Nilitaka ardhi ipasuke. Ta Zakaria akaja amebeba dramu, akasikia, akasimama. Uso wake haukubadilika. Gosbert akamwuliza, "Ta, zile betri za mara ya kwanza zilishakwisha?"

"Zilikwisha," akajibu, akazima redio. Kisha akatuambia, "Tutapiga kama tulivyofanya mazoezi."

Lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Kichwani mwangu ilikuwa ni ile kasi. Nilijiambia, tukipiga kile kizito chetu mbele ya wakubwa tutachekwa mpaka Mwanza, na vyombo vitafika kabla ya kicheko. Tulipopanda jukwaani nikahesabu mimi, na nikahesabu haraka. Ndilo kosa langu kubwa kuliko yote katika kazi hii, na nimefanya mengi. Nikaukimbiza ule wimbo kama mwizi wa kuku. Magitaa yamelegezwa nyuzi, yakawa yanaburuzwa nyuma yangu. Maneno ya Koku yakapandana: kahawa, mama, mtoto, yote mdomoni kwa pamoja. Na kwa hofu mguu wangu ukarudi kwenye moja, du, du, du. Watu walisimama wamekunja mikono. Afisa akafungua daftari, akaandika kitu kifupi. Meneja wetu akatoa leso.

Kitu kikanigonga sikioni. Punje ya akamwani.

Nikageuka. Ta Zakaria ameacha kupiga. Besi imekufa kabisa, katikati ya wimbo, mbele ya wakubwa. Mikono yangu ikasimama yenyewe, Koku naye akanyamaza, na Muleba nzima ikawa kimya ukasikia jenereta tu. Akaisogelea maikrofoni, yeye ambaye hajawahi kusema neno jukwaani, akasema, "Waheshimiwa, mtuwie radhi. Dereva alikuwa na haraka." Watu wakacheka kidogo. Akarudi kwangu, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mgeni hajaketi, Deo."

Akaanza yeye, peke yake, polepole, ile besi ya betri zilizochoka. Nikavuta pumzi, nikaiacha moja. Nikaiacha tupu kabisa, na nikaona siogopi. Koku akafumba macho, akaimba kifuani.

Ndipo bibi mmoja akatoka kwenye kundi la akina mama. Mzee kweli, kitenge kimefungwa kiunoni, hana haraka na mtu. Akaja mpaka katikati ya uwanja, akanyoosha mikono, akaanza kucheza ile ya kwetu ya mabega, ya taratibu, na mguu wake ulikuwa unakanyaga palepale nilipopaacha wazi. Kila mara. Moja ilikuwa yake. Akaja wa pili, akaja wa tano, wakaja wavuvi wa Bumbire, wakaja watoto na bendera zao, na vumbi halikutimka kwa sababu ya ile mvua. Nilikuwa napiga huku machozi yananitoka. Sioni haya kusema.

Tulipomaliza, afisa hakuja kwetu. Alikwenda kwa yule bibi. "Bibi, ngoma hii unaifahamu?"

"Mwanangu, nitaachaje kuifahamu?" akasema, anajifuta jasho. "Mama yangu aliicheza hapa hapa Muleba, kabla ghala halijajengwa, kabla yako wewe."

Gosbert akafungua mdomo kusema neno Jamaika, Koku akamkanyaga mguu kwa nguvu zote za kwaya. Afisa akaandika muda mrefu. Kisha akaja kwa Ta Zakaria, akamshika mkono. "Mzee, siku ile Bukoba mbona mlinificha hii?"

"Tulikuwa hatujaipata vizuri, mheshimiwa," Ta Zakaria akasema.

Vyombo vikarudi nasi Bukoba. Bendi iliishi mpaka viwanda vya umma vyenyewe vilipoanza kufa, na ule mwendo mzito ukawa jina letu. Watu walikuwa wanatoka Karagwe kuja kuucheza. Lakini mimi miaka yote nilibeba kitu moyoni. Nilijua tumeokolewa na kosa, na kwamba yule bibi tulimdanganya. Nikisifiwa nilikuwa naona aibu.

Miaka mingi baadaye Ta Zakaria aliugua. Nikaenda kumwona nyumbani kwake, mkewe akanipa akamwani, tukakaa. Nikaona ndiyo nafasi, nikamwambia lile la moyoni. Alicheka mpaka akakohoa. Akamtuma mkewe chumbani, akarudi na kopo la mafuta ya kupakaa lenye kutu. Ndani mlikuwa na betri, zimevujia ukoko mweupe, lakini karatasi yake haijafunguliwa.

"Gosbert alinipa kanda na hizi, siku moja," akasema. "Kwanza nilisikiliza kwake, melini, na betri zake nzuri. Nikaupenda sana ule muziki. Lakini nyumbani nikataka kuzitunza hizi, nikatia za tochi yangu, zilizokuwa zimechoka. Deo, nikamsikia mama yangu. Mwendo wake, kibanjani, amembeba mdogo wangu mgongoni. Nikazificha mpya."

Nikaligeuza lile kopo mkononi. "Ta, wiki zote zile! Kwa nini hukutuambia tu tupige polepole?"

"Ningewaambia mimi?" Akanitazama bila hasira. "Fundi wa mashine, mzee wa kanisa? Mngesema nimezeeka. Ninyi mlikuwa tayari kumwamini Mjamaika msiyemjua kuliko mimi. Basi nikamwacha Mjamaika awaambie."

Nililia pale pale, na mkewe akadhani nimepewa habari ya ugonjwa. Yule bibi hatukumdanganya. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, alichowekewa na mtu aliyejua anachofanya. Mwezi uliofuata tulimzika Ta Zakaria, na nilipiga dramu kaburini, na moja sikuigusa.

Hilo ndilo jibu la swali la juzi. Na mmoja wenu, yuleyule, amenionyesha wimbo wake mpya, pigo zuri, kila kitu kimenyooka, unafanana na wa Kingston na wa Lagos na wa Dar kwa pamoja. Nakupongeza kwa moyo wote, mwanangu, maana mkono unao, na mlivyo wengi wenye mkono siku hizi mimi nalala nikiwa na matumaini. Lakini nimekutafuta humo ndani, nimetafuta kwenu Nshambya, nimemtafuta bibi yako, sijawaona.

Jumamosi njoo nao kwenye kanda. Najua hamna kanda, nitakupa mimi. Redio ile bado ninayo, inafanya kazi. Ila usinunue betri. Betri nitaweka mimi.